Uchungu, weusi na uchachu: bia ninazozipenda nikiwa Kigoma

Katika baa nyingi za Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, mhudumu huuliza swali moja kabla ya kuleta chupa: ya moto au ya baridi? Swali hilo huchukuliwa kuwa jambo dogo la huduma, lakini kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote yanayosemwa mezani, kwa sababu jibu lake hubadilisha ladha ya kinywaji kuliko nembo iliyobandikwa kwenye chupa. Sisi wanywaji wa mkoa huu tumezoea kujitambulisha kwa nembo. Huyu ni mtu wa Safari, yule ni mtu wa Kilimanjaro, mwingine hagusi chochote isipokuwa Balimi, na mabishano ya nani anakunywa bia bora huendelea mpaka viti vinaanza kupandishwa juu ya meza. Ukizibandua karatasi kwenye chupa hizo utakuta kwamba karibu zote ni za jamaa moja: lager za rangi ya dhahabu, zilizochachuliwa polepole katika ubaridi, zenye uchungu wa wastani na kilevi kisichoachana sana, kwani Kilimanjaro ina asilimia 4.5 na Safari asilimia 5.5. Mtu anaweza kuhama nembo maisha yake yote na asihame aina ya bia hata mara moja. Mimi nimeona ni afadhali kuijua ladha yangu kwa aina, na baada ya miaka ya kunywa kwa uangalifu imetua mahali patatu: kwenye uchungu wa hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu na harufu, kwenye weusi wa nafaka iliyokaangwa, na kwenye uchachu wa pombe ya mtama ya kwetu Buha, nchi ya Waha.

Nianze na lager, kwa kuwa ndiyo inayojaza makreti ya mji huu. Kinachoitenga lager na bia nyingine ni hamira yake. Hamira hiyo hufanya kazi katika ubaridi, kwa kawaida kati ya nyuzi 7 na 13 za Selsiasi, na bia yake huhitaji wiki kadhaa za kutulia kabla haijawa tayari, wakati hamira ya ale, ile jamaa nyingine kubwa ya bia, hupenda nyuzi 15 hadi 24, humaliza kazi mapema, na huacha nyuma yake harufu za matunda. Wataalamu wamethibitisha kwamba hamira ya lager ni chotara. Mzazi wake mmoja ni hamira ile ile inayoumua mkate, na mzazi wa pili, ambaye kutambuliwa kwake katika misitu ya Patagonia kulitangazwa mwaka 2011, ni hamira ya porini inayostahimili baridi. Maana yake ni kwamba kinywaji tunachokiona cha kawaida kabisa kwenye meza za Mwanga kisingeweza kutengenezwa katika joto la nchi yetu kabla ya mashine za kupoozea, ambazo Mjerumani Carl von Linde alizifikisha viwandani katika miaka ya 1870, na kisingekuwa na ladha ile ile kila mara bila kazi ya Emil Christian Hansen, aliyefanikiwa kuitenga hamira safi katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen mwaka 1883. Nalisema hili kwa heshima. Wapo wanaojiona wajuzi wa bia ambao huidharau lager kwa kuwa ni ya watu wote, na mimi siungani nao, kwa sababu bia safi isiyo na pa kuficha dosari ni ngumu kuitengeneza kuliko ile iliyojaa vikolezo.

Ndani ya jamaa hiyo, ninayoipenda kwa dhati ni pilsner. Bia ya aina hii ilizaliwa mwaka 1842 katika mji wa Plzeň, ambao leo uko Ucheki, pale mtengenezaji aliyetoka Bavaria, Josef Groll, alipounganisha kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa moto mpole, hopsi za Saaz zenye harufu ya majani makavu na maua, na maji ya mji ule ambayo yana madini machache mno. Uchungu wa bia una kipimo chake cha kimataifa, na lager nyingi za kibiashara huwa kati ya vizio 8 na 20, ilhali pilsner ya Kicheki hufika 35 na kupita. Tofauti hiyo huonekana kubwa kwenye karatasi, na kubwa zaidi kwenye ulimi. Uchungu wake haukwaruzi koo. Hutokea mwishoni, baada ya utamu wa kimea kupita, kisha hukausha kinywa na kukifanya kitamani tonge jingine.

Na hapo ndipo chakula cha Kigoma kinapoingia. Dagaa wetu, wakikaangwa vizuri na kuungwa kwa mawese, nyanya na pilipili, huacha mafuta mazito juu ya ulimi, na ukishushia na kinywaji kitamu mafuta hayo hubaki palepale na tonge la tatu huanza kukinaisha. Uchungu wa hopsi na gesi ya bia huyaondoa. Mgebuka wa kuchoma, wenye ngozi iliyoungua kidogo na limau juu yake, hauhitaji uchungu mwingi kiasi hicho, na kwa huyo lager yoyote safi inatosha. Lakini kwa dagaa wa mawese na ugali wa muhogo, kama ningekuwa na uwezo wa kuchagua bia yoyote duniani, ningechagua pilsner chungu, na nisingefikiri mara mbili.

Sasa nirudi kwenye swali la mhudumu. Wazee wengi wa Ujiji na Kibirizi hunywa bia ya moto, yaani ile ambayo haijaingia frijini, na vijana huwacheka. Mimi naona wazee wana hoja. Ubaridi mkali huuzubaisha ulimi na kuifunga harufu, na kwa kuwa sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha huingia kwa pua, bia iliyo karibu na kuganda hubaki kuwa gesi na ubaridi tu. Ndiyo maana bia yenye dosari huuzwa ikiwa baridi kupita kiasi bila mtu kulalamika. Hata hivyo, hoja hiyo ina mpaka wake. Bia zinazosemwa kunywewa bila kupoozwa huko Uingereza hutoka kwenye vyumba vya chini ya ardhi vyenye nyuzi 11 hadi 13, wakati stoo ya baa ya Kigoma kwenye mchana wa Oktoba huweza kupita nyuzi 27. Katika joto hilo gesi hukimbia mara kizibo kinapotoka, povu hujaa gilasi nzima, na harufu ya kilevi hutangulia harufu ya nafaka.

Kwa hiyo nina utaratibu wangu, na mhudumu wa baa ninayokaa mara nyingi ameshauzoea.

“Dada, ya moto au ya baridi?” aliniuliza siku alipokuwa mgeni.

“Ya baridi, mdogo wangu, ila usiifungue mpaka nikuambie.”

Siku hizi huiweka chupa mezani pamoja na kifungulio, akaenda zake. Lager naisubiri kidogo tu, mpaka jasho la chupa lianze kutiririka na kulowesha karatasi ya nembo, kwa sababu ladha yake iko sawa kwenye nyuzi 5 hadi 7. Bia nyeusi naisubiri zaidi. Nyumbani, wakati wa kiangazi ambapo upepo wa ziwani ni mkavu, bia nyeusi haiingii frijini kabisa: naifunga kwa kitambaa cha pamba kilicholowa na kuiweka dirishani, na ubaridi unaotokana na maji kukauka, ule ule unaopoza maji ya mtungini, huwa umetosha.

Liko jambo jingine ambalo mnywaji wa Kigoma anapaswa kulijali kuliko mnywaji wa Dar es Salaam au Mwanza, nalo ni safari. Mkoa wetu hauna kiwanda kikubwa cha bia. Kila kreti limetoka mbali, na kwa reli pekee ni kama kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam hadi stesheni yetu, ambayo Wajerumani waliifikisha njia ya treni mwaka 1914. Bia haifurahii safari ndefu katika joto. Oksijeni kidogo iliyobaki shingoni mwa chupa hufanya kazi haraka zaidi kadiri joto linavyopanda, na matokeo yake ni ile ladha ya boksi lililolowa ambayo wengi wetu tumeinywa bila kujua chanzo chake. Mwanga wa jua una madhara mengine na ya haraka zaidi, kwani hupasua chembe za hopsi na kuzaa kiini chenye salfa kinachonuka kama kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, na nyeupe haizuii. Niliwahi kukaa katika baa moja ya hapa mjini ambayo makreti yake yalikuwa yamepangwa barazani, upande wa magharibi, na jua la alasiri lilikuwa linayapiga moja kwa moja; chupa niliyoletewa, iliyokuwa nyeupe, ilinuka kabla sijaifikisha mdomoni. Kiwanda hakikuwa na kosa lolote. Tangu hapo naangalia makreti yamekaa wapi kabla ya kuagiza, nachagua baa ambayo mzigo wake unaisha haraka, na nasoma tarehe.

Kwa majirani zetu wa Burundi, walio karibu nasi kuliko Mwanza, kuna Amstel inayotengenezwa na Brarudi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1955. Huuzwa katika chupa kubwa ya sentilita 65, na kila ninapovuka Manyovu naiagiza. Nayo ni lager, lakini ni nzito kidogo kinywani, na kimea chake hukaa ulimini muda mrefu. Kama lager zote zingekuwa na kimea cha namna hiyo na uchungu wa Plzeň, labda nisingeandika habari za bia nyeusi.

Lakini bia nyeusi nazipenda, na hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki zangu wengi. Stout huogopwa bure. Baadhi huamini kwamba weusi ni dalili ya kilevi kikali, wengine husema ni dawa ya kuongeza damu, na imani zote mbili hazina msingi. Weusi hutokana na shayiri iliyokaangwa mpaka kukaribia kuungua, na kiasi kidogo tu cha nafaka hiyo hutosha kuigeuza pipa zima. Guinness ya pipa inayonywewa Dublin ina kilevi cha asilimia 4.2, yaani chini ya Safari. Kuhusu damu, chuma kilichomo ndani ya stout ni kidogo mno, na anayehitaji chuma ale matembele na dagaa. Stout inayouzwa kwetu ndiyo yenye nguvu zaidi, nayo ina historia yake: kiwanda ambacho Arthur Guinness alikianzisha mwaka 1759 kilianza mwaka 1801 kutengeneza bia iliyoongezwa kilevi na hopsi ili istahimili safari ya baharini kwenda visiwa vya Karibi, na bia hiyo ndiyo iliyozaa chupa tunazoziona kwenye makabati ya Afrika leo.

Mtu wa Kigoma ana kila sababu ya kuielewa ladha hiyo. Tunalima kahawa kwenye milima ya Kalinzi, na wazee wa Ujiji huinywa bila sukari kwenye vikombe vidogo, wakishushia na kashata, bila yeyote kulalamika kwamba ni chungu. Moto unaoikausha na kuitia weusi punje ya kahawa hufanya kazi ile ile kwenye punje ya shayiri, na ndiyo maana stout ina harufu ya kahawa ingawa hakuna aliyeitia kahawa. Nimewahi kuwapa stout wanywaji wa kahawa kali, ikiwa haijapoozwa sana, kwenye gilasi badala ya chupa, na nikawaomba wanuse kwanza. Wengi wao walirudia.

Ladha ya tatu ndiyo niliyoanza nayo maishani, ingawa nimeiweka mwishoni. Shangazi yangu wa Kasulu alikuwa mpika pombe wa kutegemewa, na kazi yake ilikuwa ya subira. Aliloweka mtama, akautandaza juu ya majani ya migomba, akaufunika na kuurashia maji mpaka ukatoa vimizizi vyeupe, kisha akauanika juani na kuusaga. Uji uliopikwa kwa unga huo aliuacha upoe, akaongeza unga mwingine wa kimea na machicha kidogo ya pombe iliyotangulia, akaufunika. Jioni alikuwa akiuinamia mtungi na kuusikiliza, kwa maana pombe inayochacha ina mlio wake wa mapovu madogo yanayopasuka, na kwa mlio huo alijua ikiwa kesho itakuwa tayari au bado. Pombe yake ilikuwa nyekundu ya udongo, nzito kiasi, chachu kama maziwa mgando, na haikuwa na uchungu wowote kwa kuwa haikuwa na hopsi. Kwa kukosa hopsi haikuweza kukaa. Ilikuwa nzuri kwa siku moja au mbili, na baada ya hapo ikawa siki.

Nilipokuwa msichana nilidhani uchachu ule ni upungufu, alama ya pombe ya kijijini ambayo siku moja ingeshindwa na bia ya chupa. Sikuwa na lugha ya kuieleza. Baadaye mtafiti mmoja wa samaki kutoka Ubelgiji, mgeni wa watu ninaofahamiana nao, alituletea chupa ya lambic, ambayo ni bia ya bonde la mto Zenne karibu na Brussels. Bia hiyo haitiwi hamira na mtu. Uji wake wa moto humwagwa katika sinia kubwa la kina kifupi, huachwa wazi usiku kucha ili hamira na bakteria wa hewani waingie, kisha hukaa kwenye mapipa ya mbao mwaka mmoja hadi mitatu. Nilipoionja niliitambua mara moja. Kazi kubwa ya kuichachusha ilikuwa imefanywa na bakteria wa jamaa ile ile ya wale wanaogandisha maziwa, waliokuwa wakifanya kazi mtungini kwa shangazi, na uchachu wake ulikuwa ndugu wa uchachu wa Kasulu, ingawa wa kwao umelelewa kwa miaka na wetu kwa siku. Ubelgiji, ambayo majeshi yake yaliiteka Kigoma mwaka 1916, ilifanikiwa mwaka 2016 kuuingiza utamaduni wake wa bia katika orodha ya urithi ya UNESCO. Nawapongeza kwa moyo mweupe. Ila nasikitika kwamba binti wa Kasulu anayejua kuusikiliza mtungi huambiwa kwamba anatengeneza kitu cha watu wasio na fedha, na kwamba ujuzi wake unaweza kufa pamoja naye bila mtu kuuandika.

Pombe ya ndizi naiheshimu zaidi kuliko ninavyoipenda, kwa sababu utamu wake hunichosha mapema. Bia ya ngano ya Bavaria, niliyoionja Dar es Salaam, ilinishangaza kwa kunukia ndizi mbivu na karafuu, harufu ambazo hamira yake huzitoa yenyewe bila ndizi wala karafuu kuwekwa. Gilasi moja ni starehe, ya pili huwa nyingi. Ale za India, zile zilizoongezwa hopsi ili zifike salama Bombay na Kalkuta kutoka Uingereza, na ambazo Wamarekani wamezijaza harufu ya maembe na machungwa, nimezijaribu kwa hamu kubwa kwa kuwa napenda uchungu, lakini nyingi nilizopata zilikuwa na uchungu usio na kimea cha kuushikilia. Bia nyepesi zinazotangazwa sana siku hizi zina kazi yake kwa mtu anayetaka kukaa na wenzake jioni nzima bila kulewa, na sina neno baya juu yao, isipokuwa sizihesabu ninapozungumzia ladha.

Nimekuwa nikiwaza kuhusu maji ya ziwa letu. Tanganyika ina maji yenye magadi, ambayo pH yake hukaribia 9, na maji ya namna hiyo hayafai kwa pilsner, kwani Plzeň ilifanikiwa kwa maji yasiyo na kitu. Dublin nayo ina maji yenye kaboneti nyingi, na bia yake nyeusi ilistawi kwa sababu nafaka iliyokaangwa ina asidi inayoyatuliza maji ya aina hiyo. Huko Uganda, mtama umekuwa ukitengenezwa lager ya kiwandani tangu mwaka 2002, kwa hiyo hakuna tena anayeweza kusema kwamba mtama hauwezi kuwa bia ya chupa. Natamani mtu mwenye mtaji na leseni achukue maji ya ziwa, akayachuja na kuyapima, akaukaanga mtama wa Kasulu mpaka uwe rangi ya kahawa ya Kalinzi, akauachia uchache kidogo kwa njia ya mtungi kabla ya kutia hopsi na hamira, na akatuuzia bia nyeusi, chachu na chungu kwenye chupa ya kahawia. Ningeinywa bila kuipooza sana, na dagaa wa mawese pembeni.